Kumwambia Mwongoza Ndege "Siwezi"

Mpwa wangu anasoma kidato cha tatu huko Morogoro, na tangu mwaka jana amepata mchezo mmoja: husikiliza kupitia intaneti mazungumzo ya redio kati ya marubani na waongoza ndege wa Marekani. Mara kwa mara hunitumia ujumbe wa sauti. Wa karibuni ulikuwa hivi: "Shikamoo mjomba. Nimemsikia rubani mmoja anaambiwa maneno, naye anayarudia yote kama kasuku. Anaambiwa mengine, anarudia tena. Kwani hasikii?" Nilimjibu kwa kifupi kwamba anarudia ili ijulikane kuwa amesikia. Lakini jibu hilo halikuniridhisha hata mimi, nami ni mmoja wa hao kasuku. Ndugu msomaji, niruhusu nilijibu hapa kwa urefu.

Naishi katika jimbo la Ohio, na kazi yangu ya kila siku haihusiani na ndege hata kidogo. Leseni yangu ni ya rubani binafsi, yaani naruhusiwa kubeba ndugu na marafiki, lakini si abiria wa kulipa. Ndege ninayoirusha ni Cessna 172, yenye injini moja na viti vinne, mali ya rafiki yangu mmoja, fundi mstaafu mwenye miaka sabini na kitu. Mimi humwita Mzee. Mwanzoni alidhani namtania kwa sababu ya umri wake. Nilipomweleza kwamba kwetu hilo ni jina la heshima, akaanza kuwataka na wengine wamwite hivyo, na wanamwita, kwa matamshi yao.

Kuna kuruka kwa macho na kuna kuruka kwa vyombo. Anayeruka kwa macho hutazama nje: upeo wa macho, mito, barabara, mawingu ya kuyakwepa na ndege nyingine. Anayeruka kwa vyombo hutazama ndani, kwenye zile saa zilizopangwa mbele yake zinazomwambia mwinuko wake, mwendo wake, mwelekeo wake, na kama mabawa yamekaa sawa. Ndani ya wingu rubani haoni kitu, na hapo sikio la ndani, lile linalotusaidia kusimama wima, huanza kumdanganya. Humwambia kwamba amenyooka ilhali ndege inageuka, na kwamba anageuka ilhali amenyooka. Ujasiri hausaidii kitu hapo. John F. Kennedy mdogo, mtoto wa rais, alikuwa na leseni kama yangu, na mafunzo ya kuruka kwa vyombo alikuwa hajayamaliza. Usiku wa 16 Julai 1999 alikuwa akielekea kisiwa cha Martha's Vineyard, juu ya bahari, katika utusitusi uliofanya upeo wa macho usionekane, na ndege yake ikaanguka majini pamoja naye, mke wake na shemeji yake. Wachunguzi walihitimisha kwamba alipoteza uwezo wa kutambua ndege imekaaje angani.

Ndiyo maana watu hufanya mazoezi. Chini ya sheria za Marekani, anayetaka kibali cha kuruka kwa vyombo lazima apate angalau saa 40 za kuruka hivyo, za kweli au za kuigiza. Akishakipata, hawezi kukiweka kabatini kama cheti cha shule. Ili aruhusiwe kuingia mawinguni, ni lazima ndani ya miezi 6 iliyotangulia awe amefanya mikaribio 6 ya kutua kwa vyombo, pamoja na zoezi la kuzunguka mahali pa kusubiri na la kufuata mistari ya redio angani. Mzee anacho kibali hicho na anataka kibaki hai. Mimi bado nakitafuta. Kwa hiyo tunahitajiana.

Kuigiza wingu ni rahisi. Rubani huvaa miwani ambayo sehemu ya juu ya vioo imetiwa ukungu, sehemu ya chini ikaachwa wazi. Anaona vyombo, haoni nje. Kwa kuwa ndege imo katika anga la watu wote, sheria inadai kuwe na rubani wa pili mwenye leseni, aliyeketi mbele ya usukani wa pili, anayeweza kuona vizuri mbele na pande zote. Kazi yake ni kutazama nje. Nitamwita rubani mwangalizi. Mzee akivaa miwani, mimi ndiye mwangalizi, nami nikivaa, ni yeye.

Sasa tuje kwenye redio.

Mazungumzo huanza kwa rubani kujitambulisha: wewe ni nani, uko wapi, uko mwinuko gani, unataka nini. Mwongoza ndege yuko kwenye chumba cha rada, pengine maili nyingi kutoka unakotaka kutua, na ana watu wengi wa kuwasikiliza kwa masafa yaleyale. Akikupokea hukupa namba ya tarakimu 4 uiweke kwenye kifaa cha kujibu rada, ili nukta yako kwenye kioo chake iwe na jina. Kisha huanza kukugeuza: mwelekeo huu, mwinuko huu. Mwishoni, ukiwa umekaribia mstari unaoelekea kwenye njia ya kurukia, hukupa maneno manne kwa pumzi moja: mahali ulipo, upande wa kugeukia, mwinuko wa kubaki nao mpaka uushike mstari, na ruhusa yenyewe. Kwa mfano: uko maili 5 kutoka kituo fulani, geuka kushoto mwelekeo 200, baki futi 3,000 mpaka uushike mstari, umeruhusiwa kukaribia kwa ILS. ILS ni mawimbi ya redio yanayokuonyesha katikati ya njia ya kurukia na mteremko wa kushukia, kwa kawaida wa nyuzi 3.

Mambo hayo yote rubani hana budi kuyarudia, pamoja na jina la ndege yake, huku mikono ikiwa imeanza kugeuza usukani. Na mwongoza ndege hasikilizi kwa sababu ya adabu. Anasikiliza akitafuta kosa. Ukisema 300 badala ya 200, atakurudisha. Sauti yangu ikirudi kwake, anajisikia mwenyewe, na hapo pia hugundua kama yeye ndiye aliyetamka visivyo. Kwa hiyo kasuku wa mpwa wangu anafanya kazi ya kioo. Mimi nilijifunza jikoni, nikiosha vyombo, kalamu na karatasi kando ya sinki: nasikiliza rekodi, nasimamisha, narudia kwa sauti. Mke wangu alivumilia sana.

Watu huniuliza kuhusu matamshi, wakidhani lafudhi ya Kiswahili hunipa shida. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilikwisha kufikiria jambo hilo. Tarakimu ya tatu ya Kiingereza, kwa utaratibu wake, hutamkwa "tri", ya tano "faifu", na ya tisa huongezewa mkia, "naina". Sababu moja ni kwamba mataifa mengi hayana ile sauti ya "th". Sisi tunayo, kwenye thelathini na themanini, ingawa najua nyumba nyingi za bara, yetu ikiwemo, ambako husemwa "selasini" bila mtu kushtuka. Tangu 2008 marubani na waongoza ndege wa safari za kimataifa hupimwa lugha kwa ngazi 6, na ya 4 ndiyo ya chini inayokubalika. Lafudhi yenyewe si kosa, ila ikiharibu maana.

Lakini zoezi la kuruka kwa vyombo, kukiwa na hali ya hewa nzuri, lina jambo la ajabu ambalo wageni wa kazi hii hawalioni mara moja. Tunafanya kila kitu kama walio mawinguni, tunaongozwa kama wao, tunapewa mwelekeo na mwinuko kama wao, lakini kisheria sisi bado ni watu wa kuruka kwa macho. Mwongoza ndege hulisema waziwazi anapotukubali: bakini katika kuruka kwa macho, zoezi limekubaliwa. Na mahali ambapo hawezi kutoa huduma ya kututenganisha na ndege nyingine, huongeza kwamba huduma hiyo haipo. Hata kughairi kutua na kupanda tena kwa njia iliyochorwa kwenye ramani, jambo ambalo aliye mawinguni hupewa pamoja na ruhusa yake, sisi lazima tuliombe na tukubaliwe. Jukumu la kuona na kukwepa, ndege na mawingu pia, linabaki ndani ya ndege yetu.

Na humo ndani, aliyeshika usukani haoni.

Fikiria basi mwongoza ndege anaposema: kuna ndege upande wa saa 2, maili 3, inakuja kinyume chenu, futi 3,000. Anayeambiwa ni Mzee, kwa kuwa ndiye anayezungumza. Mzee haoni hata pua ya ndege yake. Mimi ndiye natafuta kidoa cheupe katika anga jeupe. Nikikiona, namwambia Mzee, Mzee anamwambia mwongoza ndege. Nisipokiona, vilevile lazima isemwe kwamba hatujakiona, ili yule wa rada ajue kwamba bado anapaswa kutusaidia. Habari inapita kwa watu watatu, na wawili kati yao wanasema kuhusu kitu wasichokiona kwa macho yao. Siku tulivu mpango huo hufanya kazi bila shida.

Siku moja ya Oktoba haikuwa hivyo. Mawingu yalikuwa yamekaa kama dari iliyotoboka, chini yake hewa safi kabisa. Sheria ya kuruka kwa macho katika anga lile ni kubaki futi 500 chini ya wingu, futi 1,000 juu yake, na futi 2,000 kando yake. Vipimo hivyo vina maana: ndege iliyo kwa vyombo inaweza kuchomoza kutoka wingu hilo wakati wowote, na ikichomoza wote wawili mnahitaji nafasi ya kuonana. Tulikuwa futi 3,000, Mzee chini ya miwani, tumemaliza mkaribio wa pili na tunageuzwa kwa ajili ya wa tatu. Mwongoza ndege alikuwa na kazi nyingi. Tulimsikia akizungumza na watu sita, saba, bila kupumzika. Akatuambia tupande futi 4,000 na tugeukie magharibi.

Mzee alijibu mara moja, kwa ufasaha wa mtu aliyefanya hivyo miaka mingi. Alirudia mwinuko, akarudia mwelekeo, akasukuma kasi. Pua ikainuka. Nami nikaona dari ile ya kijivu ikishuka kwetu.

Hapakuwa na mtu aliyekosea wajibu wake. Rada ile ya chumbani ilimwonyesha mwongoza ndege nukta zetu, lakini haikumwonyesha kwamba pale juu yetu tundu la mawingu lilikuwa limefungwa. Mzee alitii maneno aliyoyasikia kwa vyombo alivyoviona. Mtu pekee aliyejua ni mimi, niliyekuwa kijana kuliko mwenye ndege, mgeni katika nchi, mwenye kibali kidogo kuliko yeye, na ambaye kwa makubaliano yetu ya siku ile sikuwa mzungumzaji.

Nilisema, "Mzee, wingu. Acha kupanda." Kisha nikabonyeza kitufe cha redio kwenye usukani wangu, nikasema neno ambalo kwa Kiingereza cha marubani ni moja tu, "unable", yaani siwezi. Siwezi futi 4,000 kwa sababu ya mawingu, nabaki 3,000.

Sauti ya mwongoza ndege haikubadilika hata kidogo. Alisema amepokea, tubaki futi 3,000 au chini yake, akatupa mwelekeo mwingine, kisha akauliza: chini ya mawingu ni futi ngapi hapo mlipo? Nikamwambia kwa makadirio. Muda mfupi baadaye nilimsikia akimpa rubani mwingine habari hiyo hiyo, akimwambia kwamba imetoka kwa ndege iliyo mbele yake. Lile neno nililoona kama mlima kulitamka, kwake lilikuwa habari ya hali ya hewa, akaipokea na kuigawa.

Tulipotua Mzee alikuwa kimya. Tulifunga kamba za ndege, tukafunika injini. Mwishowe akasema, "Ungeniambia mimi, nikamwambia yeye."

"Mzee, wewe ulikuwa umeshakubali."

"Nilikubali kwa sababu sikuona."

"Ndiyo maana nilisema."

Hakujibu. Na sikumlaumu, kwa kuwa nilielewa alichohisi: ndani ya ndege yake mwenyewe, mbele ya watu wote wanaosikiliza masafa yale, mtu mwingine alikuwa amerudisha nyuma neno lake. Nimekulia nyumbani ambako jambo hilo si dogo. Mtoto wa kiume akiitwa na mkubwa hujibu "Naam" na kuinuka hapohapo. Akitumwa, huanza kwenda kabla sentensi haijaisha, kisha hurudi kuuliza kwa dada zake alitumwa nini. Mwalimu akiuliza "Mmeelewa?", darasa zima huitikia "Ndiyo mwalimu", na asiyeelewa huitikia kwa sauti kubwa zaidi. Sisemi kwamba malezi hayo ni mabaya. Mengi mazuri niliyo nayo nimeyapata humo. Ila nasema kwamba "ndiyo" ya namna hiyo ni ya kumheshimu anayesema. Haina habari yoyote kuhusu kilichosemwa. Mwongoza ndege haombi "ndiyo" hiyo. Hata lile neno maarufu la redio ambalo filamu zimelifanya liwe "ndiyo", yaani "roger", maana yake ni nimepokea ujumbe wako wote, basi. Halisemi kwamba nimekubali, wala kwamba nitafanya. Kukubali kutenda kuna neno lake jingine.

Na kuna "ndiyo" ya namna nyingine, iliyo hatari kuliko hiyo: upole wa kusema jambo kubwa kwa maneno madogo. Tarehe 25 Januari 1990 ndege ya Avianca, safari namba 52, aina ya Boeing 707, ilitoka Kolombia kwenda New York. Hali ya hewa ilikuwa mbaya, na njiani ikazungushwa kwenye sehemu tatu za kusubiri kwa zaidi ya saa moja. Walipojaribu kutua mara ya kwanza walishindwa na upepo, wakapanda tena. Rubani mkuu alimtaka msaidizi wake awaambie waongoza ndege kwamba wako katika dharura. Msaidizi alisema kwenye redio kwamba mafuta yanawaishia. Neno dharura hakulitamka. Kwa waongoza ndege wa jioni ile, wenye ndege nyingi zilizochelewa na zenye mafuta machache, maneno hayo hayakufungua mlango ambao neno lile lingeufungua. Waligeuzwa kwa utaratibu kama wengine, na injini zikazimika moja baada ya nyingine. Ndege iliangukia Cove Neck, Long Island, na katika watu 158 walikufa 73. Kila ninapofikiria habari hiyo huwa namwona yule msaidizi, mtu mwenye adabu, akizungumza lugha isiyo yake na sauti zenye haraka za mji mkubwa, akichagua maneno yasiyomsumbua mtu.

Wa Ohio tuna habari nyingine iliyo karibu nasi, kwa kuwa ndege yenyewe iliondoka Columbus. Ni ya TWA, safari namba 514, tarehe 1 Desemba 1974, iliyokuwa ikienda Washington. Kwa sababu ya upepo ilielekezwa kiwanja cha Dulles, na ikiwa bado maili 44 kutoka hapo mwongoza ndege akawaambia wameruhusiwa kukaribia. Kwa marubani, maneno hayo yalimaanisha kwamba hakuna kizuizi mbele na wanaweza kushuka hadi futi 1,800, mwinuko wa mwanzo wa mkaribio ule. Kwa mwongoza ndege, yalimaanisha kwamba marubani sasa wanajisimamia kwa kufuata ramani yao. Ramani ilionyesha futi 3,400 kwa sehemu ile. Rubani mkuu aliiona namba hiyo na kuizungumza na wenzake, nayo imo katika kinasa sauti, lakini wakahitimisha kwamba ruhusa waliyopewa inaishinda. Hakuna aliyebonyeza kitufe na kuuliza. Ndege iligonga mlima huko Virginia na watu wote 92 wakafa.

Ndiyo maana leo mwongoza ndege anapokupa ruhusa ya kukaribia, ndani yake anaweka mwinuko wa kubaki nao mpaka uushike mstari. Lile neno la tatu katika yale manne niliyoyataja juu lililipiwa kwa gharama hiyo. Tena, wiki chache kabla ya ajali, marubani wa shirika jingine walikuwa wamekutwa na mtego uleule karibu na kiwanja kilekile, wakaokoka, na habari yao ikabaki ndani ya shirika lao. Kutokana na hilo ulianzishwa mwaka 1976 mfumo unaosimamiwa na NASA, ambapo rubani au mwongoza ndege anaweza kuandika jambo lililoelekea kuleta ajali bila jina lake kutangazwa.

Nilimpelekea Mzee habari hizi mbili. Alizijua zote, bila shaka, alikuwa mtu mzima zilipotokea. Baada ya siku tatu akanipigia simu. Hakuzungumzia wingu. Alisema tu kwamba tukiruka tena tupange upya nani anazungumza nini, kabla ya kuwasha injini. Makubaliano yetu sasa ni haya: aliye chini ya miwani ndiye anayezungumza na kurudia maelekezo, kwa kuwa ndiyo sehemu ya zoezi lake; mwangalizi ndiye anayejibu kuhusu ndege nyingine moja kwa moja, kwa macho yake mwenyewe; na "siwezi" ni la yeyote, haliombewi ruhusa, na halijadiliwi mpaka tuwe chini. Mzee aliongeza moja: mwangalizi akisema "acha", aliye chini ya miwani anaacha kwanza.

Viwanja vidogo visivyo na mnara vina sheria yao ya adabu, nayo naipenda. Mwongoza ndege wa rada hukuaga, anakuruhusu uhamie masafa ya wenyeji wa kiwanja, na kutoka hapo kila rubani hujitangaza. Hapo anayefanya mazoezi ya vyombo hushawishika kutaja majina ya vituo vya ramani yake, herufi tano tano zisizo na maana kwa mtu aliyetoka tu kumzungusha mjukuu wake angani. Ushauri wa wakuu wa usafiri wa anga ni kutumia maneno ambayo huyo naye anayajua: niko maili 5 kusini, nakuja moja kwa moja. Nimesikia marubani hodari wakishindwa kufanya hivyo, nadhani kwa sababu majina yale yanawapendeza.

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu yangu ya miwani. Nilikuwa nimeambiwa nigeuke kulia na kushuka futi 2,500, nikarudia, nikaanza kugeuka. Katika hedifoni nikasikia Mzee, "Acha," kisha hapohapo kwenye redio, kwa sauti yake nzito, "Unable." Nilinyoosha mabawa, nikashika mwinuko. Sikujua kulikuwa na nini. Mbele yangu nilikuwa na vyombo tu, namba zikiwa zimetulia, na nje ya ukungu wa vioo mwanga usio na umbo. Mwongoza ndege akasema amepokea, tuendelee tulivyo. Mzee akanyamaza kitambo kirefu kidogo, kisha akasema naweza kugeuka sasa.

Tulipokuwa chini nilimuuliza ilikuwa ni nini. Akasema bata wa mwituni, kundi zima, wanaelekea kusini.